Sungura wa Sebuleni kwa Boke

Boke Nyamhanga wa Nyarero hakupanga kuishi nyumba moja na sungura. Alipewa jike mmoja na binti yake aliyeolewa Nyansurura, akamjengea banda la mabanzi nyuma ya jiko, na mpango wake, tusifichane, ulikuwa mchuzi. Mbwa wa jirani wakalivunja banda. Kezia akamwingiza sungura sebuleni, "kwa leo tu, mama," na hiyo leo haijaisha mpaka sasa.

Kezia ni mke wa Boke. Wewe wa mbali usishtuke. Sisi Wakurya ndoa hii tunaiita nyumba ntobu: mwanamke aliyejaliwa mabinti tu, na mume amefariki, hutoa ng'ombe akaoa msichana ili amzalie mtoto wa kiume wa kubaki na mji, yaani boma lake. Mwanaume wa kuzaa naye hutafutwa. Kwa Boke, aliyemtafuta ni shemeji yake Nchagwa, ndugu wa marehemu mumewe, na hakwenda mbali. Alimteua mwanawe mwenyewe, Amos. Kezia hakuulizwa. Alijengewa kijumba chake upande wa pili wa ua. Mama mkwe haingii humo wala haulizi nani kaja na nani kaondoka. Ni mwiko, na Boke anashika miiko kuliko hao walioiweka.

Miaka ikapita, mtoto hakuna.

Mimi ni jirani yake, tunachota maji kisima kimoja, kwa hiyo nimemwona anavyochoka. Analima mihogo na mgongo mbovu. Akirudi jioni anamkuta sungura amejinyoosha katikati ya sebule kama mgeni aliyeshiba ugali. Kitambaa cha kochi kimetafunwa pembeni. Waya wa sola umekatwa, simu haina chaji. "Huyu mnyama ana dharau," Boke anasema, anakaa, na kwa uchovu hata kumfukuza hawezi.

Kezia ndiye aliyeyaweka mambo sawa. Nyaya alizipandisha juu ya ukuta. Kwenye kona aliweka karai lenye maranda, na sungura, tuseme haki, hujisaidia humo kwa adabu kuliko wanangu. Jogoo akichungulia mlangoni, sungura anapiga mguu wa nyuma chini, pu! Jogoo anageuza. Siku ya kwanza Boke alipoona hivyo alicheka mpaka akashika mgongo, na mwaka huu sijamsikia akicheka sana.

Mahindi yalipokaribia kuvunwa, Nchagwa alikuja na maneno ya ukoo.

"Shemeji, shamba lisilotoa huachwa. Tukimaliza kuvuna, huyu arudishwe kwao, ng'ombe warudi."

Kezia alikuwa pale mlangoni akimenya mihogo. Hakuinua uso. Bila Kezia nyumba ile ni Boke na kuta.

Basi katika siku hizo hizo sungura akaanza kujinyonyoa manyoya ya kifuani. Akawa anabeba nyasi mdomoni, anazipeleka chini ya kochi, anatandika. Boke alisimama anatazama, machozi yanamlenga. "Ni ishara," aliniambia kisimani. "Tumbo limefunguka nyumbani kwangu." Akatuma ujumbe kwa Nchagwa asubiri mpaka sungura azae. Mtu akitaka jambo sana, akili huenda likizo, na yangu ilikwenda na yake. Tulikuwa tunaingia sebuleni kwa kunyata, watu wazima sisi.

Asubuhi moja sungura alitoka chini ya kochi, akala majani ya viazi, akalala mlangoni juani kama asiye na habari. Boke akapiga magoti, akaingiza mkono ndani ya kiota. Manyoya matupu. Nilikuwepo, nimeleta ndoo yake, nikaitua chini. Na Nchagwa, kana kwamba ameitwa, akabisha hodi.

"Shikamoo, tata," Kezia akamwamkia kama baba, akamvutia kiti, akamwekea uji.

Nchagwa aliangalia kiota akacheka. "Mji huu hata sungura wake tasa!"

Boke alikuwa bado amepiga magoti. "Angezaa na nani?" alisema polepole. "Tangu aletwe yuko peke yake humu ndani. Dume hamjui. Utasa wake uko wapi?"

Aliponyanyua uso hakumtazama Nchagwa, alimtazama Kezia, na mwiko alioushika miaka yote akauvunja mbele yetu.

"Mwanangu, Amos huwa anakuja?"

Kezia aliinamisha kichwa. "Alikuja ule msimu wa kwanza, mama. Halafu akaenda Kewanja kutafuta kazi. Ana mwanamke huko. Hajarudi."

"Na ukakaa kimya?"

"Hukuniuliza, mama. Mimi ningeanzaje?"

Nchagwa alisimama, akachukua fimbo yake. "Huyo mura wangu nitamleta kesho! Hata kwa kamba!"

"Usimlete," Boke alisema. "Nimechoka, shemeji. Nimechoka kungoja, nimechoka kupangiwa mambo ndani ya nyumba yangu. Ng'ombe walikuwa wangu. Ukoo ukitaka kukaa kikao, ukae, mimi sina nafasi ya kuja."

Nchagwa aliondoka bila kuugusa uji. Kwa Mkurya, hilo si jambo dogo. Nilitaka kuondoka na mimi, ila Boke alikuwa ameshika mguu wa kochi anajaribu kuinuka, nikampa bega. Kezia alikuwa analia bila sauti.

"Nenda kwenu ukapumzike," Boke akamwambia. "Ukimpata mwanaume unayempenda mwenyewe, mlete, nitampokea."

"Na nisipompata, mama?"

Boke alikaa kwanza. Alijishika mgongo, akavuta pumzi.

"Usipompata, rudi hivyo hivyo. Mimi nimekuzoea."