Kidari cha Baba Mkubwa

Harufu ya nyama ya kusaga ikikaangwa na vitunguu hunitia uchungu hadi leo. Wajukuu huniletea hambaga kutoka Vwawa, nami huikataa. Wanadhani ni ukaidi wa uzee. Ninyi nitawaambia ukweli.

Zamani za Mwingereza, Baba alikuwa mpishi wa Mjerumani mwenye shamba la kahawa karibu na kwetu, Iyula. Mzungu yule alizaliwa Hamburg, mji wa bandari, na alijigamba kwamba nyama ya kukatakata, kufinyanga bapa na kukaanga ilitoka kwao, ikavuka bahari na wahamiaji hadi Amerika, na huko ndiko ilikotiwa ndani ya mkate. Ilikuwa njia ya maskini ya kulainisha nyama ngumu. Baba alitusimulia hayo kwa madaha, utadhani naye alipanda ile meli.

Baba na kaka yake mkubwa walikuwa hawasemezani kwa ajili ya mpaka wa shamba. Krismasi moja Baba akachinja ng'ombe, akamwita wapatane. Kwetu ng'ombe akichinjwa, kidari ni cha kaka mkubwa. Hupewa kizima, na mfupa wake, mbele za watu. Lakini asubuhi ile nilimwona Baba akikikatakata chote kwa visu viwili, huku akipiga mluzi. Nilikuwa na miaka minane. Nilimeza mate tu.

Wageni wote wakitazama, Baba mkubwa akafunua sahani, akakuta vipande sita vya duara.

"Kidari changu kiko wapi?"

"Ndicho hicho, kaka."

"Na mfupa? Umempa Mzungu wako? Mimi ndiye wa kuletewa makombo, hata hayajulikani yametoka kiungo gani!"

Baba akafungua mdomo, akawatazama wageni, akaufunga. Baba mkubwa akaondoka bila kuonja. Hakukanyaga kwetu tena. Alipokufa, wanawe walimkataza Baba hata kutupa udongo kaburini.

Nilimkasirikia Baba miaka mingi. Si angesema neno! Alipokwisha kufariki ndipo Mama akanieleza: baba mkubwa alikuwa amebakiwa na meno mawili, na aliificha aibu hiyo kuliko kitu chochote. Baba alimkatia nyama ili apate kuila. Kulitamka lile mbele ya wageni kungekuwa kumvua nguo mzee.

Husemwa ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime; wakipatana, chukua kapu ukavune. Sisi tulilima tu.

Sasa mimi mwenyewe nina meno matatu. "Kula, bibi, ni laini," mjukuu hunibembeleza. Ni laini kweli. Haipiti kooni.