Ubao wa mawimbi niliouandika kuwa ubao wa pasi, Spring Valley: maelezo kamili

Wakuu, nawasalimu nyote, mlio Nairobi na mlio mbali. Ninayoyaandika hapa niliyaona mwenyewe na kuyasajili kwa mkono wangu. Pale kumbukumbu ilipofifia, nitakiri.

Wiki iliyopita mwanachama mmoja aliwachekesha humu kwa kisa cha "karani wa serikali" aliyeandika ubao wa zamani wa kutelezea mawimbini kuwa ubao wa kupigia pasi. Alisema alikisikia kwa mjomba wake, muuza vitu vya kale mjini. Mkacheka kurasa tatu nzima.

Karani huyo ni mimi. Tena sikuwa karani, nilikuwa afisa. Na mjomba aliwapa nusu ya habari.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilihudumu katika ofisi moja ya katikati ya mji iliyoorodhesha mali za marehemu. Tuliingia nyumbani, tukapima kila kitu, tukakiandika kwa nakala tatu. Tulikuwa na kanuni moja: kitu huandikwa kwa kazi unayokikuta kikifanya. Beseni lililopandwa maua ni chombo cha maua. Msinicheke kabla ya kuielewa kanuni hiyo.

Nilitumwa Spring Valley, nyumbani kwa Daktari Sohan, Singasinga, daktari wa meno, mgane aliyekuwa amefariki majuma machache kabla. Katika chumba cha nyuma ya jiko nilimkuta Nekesa, mama wa makamo kutoka Bungoma aliyemfanyia kazi miaka kumi na minne. Alikuwa akipiga pasi mashuka. Chini ya blanketi palikuwa na ubao mrefu ajabu, umelazwa juu ya kreti mbili za soda.

"Hii ni nini, mama?"

"Ni ya pasi."

"Mbona ndefu hivi?"

"Kilemba ya mzee ni ndefu. Wewe umewahi kuona kilemba fupi?"

Sikuwa nimewahi. Nikaandika: Ubao wa kupigia pasi, futi tisa na nusu, usio na miguu, mmoja.

Sasa fahamuni kwamba marehemu alikuwa ameacha barua kwa wakili wake. Kifungu kimoja kilisema: "Vyombo vya kufulia na vya kupigia pasi ni vya Nekesa. Asiulizwe."

Siku mbili baadaye alifika mwana wa pekee, Amrik, kutoka ng'ambo, kijana mpole aliyekwisha kata nywele zake. Alifuatana na mjomba wa huyu mwanachama wetu.

Mjomba alifunua blanketi, akaugeuza ubao. Sitamnyima haki yake: alikuwa mjuzi. Alituonyesha ukanda mwembamba wa mti mweusi uliopita katikati kutoka ncha hadi ncha. Alituonyesha pezi la chini, lililogandishwa moja kwa moja badala ya kufungwa kwa skrubu. Akatuonyesha mahali ambapo hapakuwa na kitu: tundu la kamba ya mguuni, ile inayomfunga mtu na ubao wake. Mbao za zamani hazina tundu hilo, kwa kuwa mtu akianguka aliogelea kuufuata ubao wake. Mwisho akaisoma chapa ya fundi, imezama chini ya utando wa faiba uliogeuka rangi ya chai.

"Ni wake," Amrik alisema taratibu. "Alisomea Australia. Alikuwa akisema alisimama juu yake mara moja, akaanguka mara arobaini."

"Ubaya ni hapa tu," mjomba akasema, akigusa alama nyeusi yenye umbo la pua ya pasi. "Imeharibu thamani. Lakini bado ni kitu. Mama, wewe nitakuletea mpya, yenye miguu."

"Ya miguu ni fupi," Nekesa akajibu. Kisha akasema, bila kumtazama mtu: "Hiyo alama ni ya siku mama Amrik alikufa. Simu ililia, nikasahau pasi."

Amrik aliinama akaitazama ile alama kwa muda. Hata hivyo aliniomba nirekebishe rejista. Alikuwa na haki. Ubao wa mawimbi si chombo cha pasi, na rejista yenye uongo ni karatasi tu.

Kesho yake nilikwenda maktaba mjini, nikapata jarida lenye picha. Mjomba hakukosea hata kidogo. Wakuu, usingizi ulinipungua. Nikiandika "ubao wa mawimbi", Nekesa anaupoteza. Nikiacha maandishi ya kwanza, naacha kosa.

Nilirudi Spring Valley nikamwomba Nekesa anieleze kazi ya ubao ule, hatua kwa hatua. Amrik na mjomba walikuwapo.

Alieleza kwamba kilemba kikishafuliwa huvutwa kikiwa na unyevu, watu wawili, kila mmoja ncha yake, ndipo kikunjwe na kupigwa pasi. Zamani mzee alishika ncha moja, na ya pili ilishikwa na mama Amrik. Tangu siku ya ile alama, ya pili aliishika yeye Nekesa.

"Mtu mmoja hawezi kuvuta kilemba," alisema. "Ile ya mwisho nilifua. Haijavutwa. Nitavuta na nani?"

Akakitoa ndani ya kikapu, cha buluu. Akakilowesha kidogo, akamnyooshea Amrik ncha moja. "Shika huko. Wewe kwani umesahau?"

Amrik alishika.

"Usivute kama kamba ya ng'ombe. Polepole. Kona kwa kona."

Walivuta, wakakunja, wakasogeleana hatua kwa hatua hadi mikono yao ikakutana katikati ya chumba. Mimi niliinamisha kichwa kwenye fomu yangu.

Niliandika hivi, na nakala ninayo: Ubao wa zamani wa kutelezea mawimbini, futi tisa na nusu, pezi la kugandishwa, una alama ya pasi, kwa miaka kumi na minne ni ubao wa kupigia pasi wa nyumba hii. Nikayasoma maneno hayo kwa sauti.

"Bwana, samahani kwa kukupotezea muda," Amrik akamwambia mjomba.

"Hujui unachokitoa."

"Sikitoi mimi. Mzee alishatoa."

Akatia sahihi. Ubao ulisafiri hadi Bungoma juu ya lori la mahindi lililokuwa likirudi tupu, ukazidi kuwa mbali na bahari. Nilisikia baadaye kwamba Nekesa alikuwa akinyooshea kanzu za kwaya juu yake.

Nilichojifunza: mjomba alijua umri wa ubao na asili yake, lakini ile alama aliihesabu kuwa hasara. Kabla ya kukadiria kitu, muulize aliyekishika kila siku.

Mwenye chombo kilichobadilishwa kazi nyumbani kwao akieleze hapa chini, na vipimo vyake tafadhali. Na yule mwanachama wa wiki iliyopita, nafasi ya kusahihisha uzi wako ningali nakuachia.