Sindano za Baba Mkwe Zilizoishia Kichwani Mwangu

Siku hizi nikienda sokoni Majengo napita njia ya nyuma, nazunguka kote kule juani, maana wauza karanga wa upande wa mbele wananijua, tena hawanijui kwa jina, wananijua kwa kichwa. Nitawasimulia, lakini mkicheka sana naishia hapo hapo.

Baba mkwe wangu, Mzee Yohana, ana Pakinsoni, ule ugonjwa wa kutetemeka. Ila kwake kutetemeka si kitu, shida ni kuganda: anatembea vizuri tu, akifika mlangoni miguu inagoma kama imepigiliwa misumari. Iligoma siku moja mlangoni kanisani, waumini wakajazana nyuma yake, na tangu hapo akasema hatoki tena nyumbani Kizota, hataki kuwa sinema ya watu. Mtu aliyekuwa mzee wa kanisa, anashinda chumbani anatazama ukuta. Mume wangu yuko kazini Mtera, kwa hiyo kubembeleza kote ni kwangu, na nimebembeleza mpaka ulimi umeota sugu.

Ndipo nikasikia kuna dada wa Kirangi, kwao Kondoa, amefungua chumba cha tiba ya sindano za Kichina pembeni ya maduka ya nafaka pale Majengo. Nilienda kwanza peke yangu kuuliza, na nilimpenda kwa sababu hakunidanganya. Alisema ubongo wa mgonjwa unapungukiwa na kile kinachousaidia kuuamrisha mwili utembee, na sindano zikichomwa kichwani na mikononi huenda zikaamsha sehemu zilizosinzia, lakini wataalamu wenyewe bado wanabishana, wengine wanaona mabadiliko kwenye vipimo vya ubongo, wengine hawaoni kitu, na vidonge vya hospitali mzee asiviache hata siku moja. Nikamwambia hiyo "huenda" yenyewe inanitosha.

Mzee akakubali kwa sharti moja, twende mapema kabla soko halijajaa. (Bajaji ikachelewa. Soko likajaa.) Tukaingia vizuri tu, nikashukuru Mungu, mpaka alipoziona sindano.

"Hizo ziingie kichwani kwangu?" akasema. "Mimi si gunia la mtama."

Hapo ndipo nilipojiponza. "Baba, ngoja nianze mimi," nikasema, "uone haziumi." Nani alinituma? Kuanza maana yake kuvua wigi, na chini ya wigi nywele nilikuwa nimezifumua nusu, nusu bado zimesukwa (nani angeniona?), na mimi tangu niolewe sijawahi kukaa kichwa wazi mbele ya baba mkwe. Mzee wa watu akageukia dirishani. Dada akanilaza kitandani, akanichoma utosini na mikononi, na kweli haziumi, akaniambia nitulie, akaenda nyuma ya pazia kwa mgonjwa mwingine.

Mzee naye, kwa aibu ya kichwa changu, akainuka, akasema atanisubiri nje. Nje! Mtu niliyembembeleza mpaka nikachoka, leo anajipeleka nje mwenyewe. Akafika kizingitini, akaganda.

Mlango ule unatazama barazani, wanapouza karanga. Wakaanza: mzee pita, mzee vipi, na kijana mmoja mwenye gunia begani akataka kumvuta mkono. Nikaruka kutoka kitandani vilevile nilivyo, sindano kichwani, wigi mkononi, nikapenyeza ubavu mpaka mbele yake. Hospitali walishatufundisha, akiganda usimvute ataanguka, weka kitu mbele ya mguu wake akiruke, miguu itakumbuka. Kitu gani sasa? Nikaweka mguu wangu.

Nyie mnajua kwetu Wagogo mtu haruki miguu ya mwenzake, ni mwiko, sembuse baba mkwe kumruka mkamwana wake, hadharani, Majengo. Mimi nilisahau kabisa. Yeye hakusahau.

"Mama Neema," akasema kwa sauti ya chini, jasho linamtoka, "ondoa mguu. Siwezi kukuruka."

"Ruka tu, baba, Mungu anaona."

"Sikuruki."

Mama mmoja muuza karanga akasema, "Jamani, huyu anamtega mzee wa watu. Hebu oneni kichwa chake, kina misumari." Simu zikatoka. Mwingine akashauri nishikwe, huenda nimetoroka mahali. Nikaanza kueleza habari za ubongo, pale barazani, nywele nusu zimesimama, na kila nikitikisa kichwa sindano nazo zinatikisika, na kadiri ninavyoeleza ndivyo wanavyosogea nyuma. Mwisho hasira zikanishika, nikaondoa mguu, nikalibwaga wigi kizingitini. Mzee akalitazama, akainua mguu, akaliruka, huyo nje. Watu wakapiga makofi. Dada wa sindano akatoka mbio akanichomoa moja moja pale pale, soko zima likishuhudia.

Tukapanda bajaji kurudi nyumbani. Nililia kwa hasira, maana nilijua nimemfungia mzee ndani moja kwa moja, na ni mimi niliyemtoa.

Jumapili asubuhi nikamkuta sebuleni amevaa koti, fimbo mkononi.

"Kanisani," akasema kabla sijauliza. "Jiandae twende wote."

"Baba, na watu?"

"Nilikuwa naogopa watanitazama," akasema, wala hakutabasamu. "Juzi ulipotoka wewe, hakuna aliyenitazama tena. Wewe kaa karibu yangu tu."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa, nikaenda kuvaa viatu huku machozi yananitoka. Sasa ndiyo kazi yangu kila Jumapili, na hakosi. Na nyie mnaoniuliza kama zile sindano zinasaidia Pakinsoni, mniache, mimi sijui, mzee hajachomwa hata moja. Ninachojua ni kwamba mtu akiogopa kitu tena nyumbani kwangu, hata kama ni kuonja mchuzi, aanze mwenyewe.