Malalamiko ya Verlene Stubbs

Verlene Stubbs alikuwa karani wa jela ya Kaunti ya Harbin, kusini mwa Georgia, kwa miaka ishirini na miwili. Wapo wezi aliowaandikisha wao, na kabla yao aliwaandikisha baba zao, na wote walimwita Bi Verlene. Kila Krismasi pai yake ya njugu za pekani ndiyo ilikuwa ya kwanza kwisha ofisini.

Kisha jimbo likapitisha sheria. Jela itakayomwachia mtu anayetakiwa na uhamiaji, kaunti yake itanyimwa fedha za jimbo, na sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, atajibu mahakamani. Sherifu Tidwell, mtu asiyeelewana na makaratasi, akaanzisha dawati la kushughulikia mambo hayo. Verlene alijua ni lake, alikwishachagua hata rangi ya pazia, lakini dawati akapewa Idalia Ocampo, mwenye miaka minne tu kazini, kwa kuwa alijua Kihispania.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni wake Verlene alimtia homa. Idalia alipewa chumba chenye dirisha. Sherifu alibisha hodi kabla ya kuingia mle, yeye ambaye kwa Verlene hutupa faili mezani akipita. Mchana askari walifuata harufu ya tamale, unga wa mahindi wenye nyama ndani, alizopika mama yake Idalia, na kila kicheko kilichotoka chumba kile Verlene alikihesabu. Akaanza kumvizia.

Mwezi wa nne alikamatwa Ramiro Quezada, mfungasha vitunguu, kwa kuendesha gari bila leseni. Uhamiaji wakaleta ombi azuiwe siku mbili. Jioni ile ile Idalia akamwachia. Verlene aliliona ombi kwenye faili, wala hakuuliza. Alifunga mlango, akajaza fomu ya malalamiko ya kupeleka jimboni, akatia jina lake kamili, maana isiyo na jina haipokelewi.

Baada ya wiki tatu akaja mkaguzi. Idalia akamwekea mezani cheti cha kuzaliwa cha Ramiro: amezaliwa hospitali ya hapo hapo mjini, Mmarekani kamili. Uhamiaji walimchanganya na mtu wa jina lake, na Idalia alipowapigia simu wakaliondoa ombi kwa maandishi. Barua yao ilikuwa kwenye droo yake.

"Tukimwachia asiyestahili, jimbo linatubana," mwanasheria wa kaunti alimwambia mkaguzi. "Tukimshika asiye na kosa, anatushtaki mwenyewe. Binti huyu ametuokoa."

Mlalamikiwa hupewa nakala ya malalamiko. Idalia akaja nayo hadi kwa Verlene, akavuta kiti.

"Bi Verlene, kutoka hapa hadi mlangoni kwangu ni hatua kumi. Si ungeniuliza tu?"

"Ningekuuliza ungenionyesha," Verlene alisema. "Sikutaka kuonyeshwa."

Idalia aliiweka nakala mezani. "Mimi niliomba wewe ndiye unifundishe ile kazi. Sherifu akasema nisikusumbue, eti unakaribia kustaafu."

"Alisema hivyo?"

"Ndivyo alivyosema."

Verlene hakuwa na wazo lolote la kustaafu. Aligeukia kompyuta yake, na ombi la msamaha lililokuwa limemfika ulimini akalimeza.

Sherifu hakumfukuza. Aliacha tu kusimama mezani kwake asubuhi. Mwezi wa nane Idalia akapata kazi mahakamani Savannah, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine, dawati likaja kwa Verlene, na chumba chake, na dirisha lake.

Wiki ya kwanza aliingia mama mmoja, ameshika kofia ya mwanawe aliyekamatwa. Alimtazama Verlene, akatazama mlangoni. "Yule binti yuko wapi?" aliuliza kwa Kiingereza cha kuungaunga.

Verlene akamjibu kwamba amehama, akamsogezea kiti, akampigia simu mkalimani. Walipokuwa wakingoja laini, mama yule hakuacha kuutazama mlango kama anayemngoja bado yule binti, na Verlene akasikia wivu ule ule ukimpanda.