Uyoga wa Kilima Kisicho Changu

Mimi ni mwoga, na sijawahi kulificha hilo. Mvua ya Kigali ikianza kupiga mabati, mimi huwa nimeshavaa viatu, nimekaa karibu na mlango nasikiliza kama mlima unashuka. Mume wangu hunicheka. Husema nyumba yetu ya Masaka iko juu, maji yanawaendea wengine, nilale. Humjibu kwamba kila aliye juu kuna aliye juu yake. Naogopa radi, naogopa pikipiki kwenye mteremko, naogopa nyoka wa kijani wanaojificha kwenye migomba. Kitu kimoja tu sikukiogopa maishani, nacho ni uyoga, na hicho ndicho kilichoniumbua.

Nilizaliwa na kukulia Karagwe, upande wa Tanzania, wazazi wangu wakiwa wakimbizi. Mama hakuwa na ng'ombe tena wala shamba la maana, lakini vichuguu alivijua. Mvua ya kwanza ikinyesha na kumbikumbi wakiruka, alihesabu siku kwa vidole, kisha akatuamsha alfajiri tubebe vikapu. Uyoga ulikuwa umetoka ubavuni mwa kichuguu, mweupe, kofia pana, shina refu linalozama ardhini. Alitufundisha kuunusa, kuukunja, kutazama chini ya kofia. Tuliula na karanga za kusaga na ugali wa muhogo, mpaka tukagombania masufuria. Tuliporudi Rwanda nilikuwa msichana mkubwa, na niliamini nimerudi na elimu. Ujuzi hauzeeki, niliwaambia watu. Kwamba kila kilima kina uyoga wake, na wenyeji wake wanaoujua, hilo sikulifikiria hata siku moja.

Siku ninayoisema ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ambapo mtaa mzima hutoka na majembe kufanya kazi ya pamoja. Tulikuwa tunazibua mtaro chini ya mikaratusi, kwenye mteremko unaotazama bonde. Ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo. Ukungu ulikuwa unapanda, na vilima vilionekana kimoja nyuma ya kingine, cha mwisho kikiwa cha samawati kabisa. Bondeni kulikuwa na korongo wawili wenye taji kichwani, ndege ambao hapa huitwa umusambi, wanatembea kwa madaha kwenye maji. Watu waliacha majembe wakawatazama. Zamani ndege hao walikamatwa wakafugwa majumbani na kwenye mahoteli kama mapambo, sasa wanarudi wenyewe bondeni, na kila mtu huwaona ni wake.

Mimi nilikuwa natazama kwingine. Pembeni mwa mtaro kulikuwa na kichuguu cha kale kilichoporomoka nusu, na chini yake uyoga umejaa. Mweupe, kofia pana. Moyo uliniruka kwa furaha. Niliuchuma wote nikauweka kwenye kitenge, huku wanawake wawili wenyeji wakinitazama na kunyamaza. Hapa mtu hakukatazi jambo. Anakutazama tu, na wewe ukiwa na akili utauliza. Sikuuliza.

Nyumbani niliuosha, nikauchemsha, nikamwaga karanga. Mume wangu alikuwa amekwenda Kagugu kwenye posa ya mtoto wa ndugu yake, nikapanga tule pamoja jioni, kwa sababu wiki ile kanisani tulikuwa tumefunga, kutoka asubuhi mpaka jua litue. Lakini chakula kizuri hakipikwi bila kumpelekea jirani. Nikajaza bakuli nikavuka uzio.

Jirani yangu ni Mwislamu aliyekulia Nyamirambo mjini, fundi cherehani, mwanamke mdogo kwangu kwa miaka kama ishirini. Babu yake alikuja kutoka pwani na majora ya nguo. Tulipatana siku ya kwanza kwa sababu ya Kiswahili, changu cha Karagwe na chake cha mjini, na yeye hunicheka kwamba mimi naongea kama redio. Mumewe ni dereva wa malori, nyumbani haonekani. Ana binti mmoja wa miaka mitatu, mtundu, ambaye ameamua mwenyewe kwamba mimi ni bibi yake.

Sasa kuna desturi hapa ambayo hata mtoto anaijua. Anayempa mwenzake kinywaji au chakula huonja kwanza, mbele ya macho yake. Kinyarwanda kina neno lake, gusogongera. Watu wa vilima hivi wanaogopa sumu kuliko radi, na wana sababu zao za kale. Ukionja umesema: sina neno nawe, kikiniua kituue wote. Hata tukiwa marafiki kiasi gani, hatuiruki.

Na mimi nilikuwa nimefunga. Tena mchungaji alikuwa ametusisitizia kwamba ukifunga usijitangaze, iwe siri yako na Mungu. Kwa hiyo pale mlangoni nilichota kijiko, nikakigusisha midomo, nikatafuna hewa, nikajifanya nameza. Nikasema ni tamu. Yule binti alikuwa amening'inia kwenye sketi ya mama yake ananitazama mdomoni. Nikarudi kwangu nimeridhika, eti nimemtii Mungu na nimemtendea jirani wema, yote kwa kijiko kimoja.

Saa tisa hivi alipita mukecuru, bibi mmoja mwenyeji wa hapa tangu kabla ya barabara, ambaye huchukua maganda ya jikoni kwangu kulishia mbuzi wake. Aliinama kwenye ndoo akasimama pale pale. Akageuza shina moja la uyoga kwa fimbo. Akaniuliza limetoka wapi. Nikamwambia kwa majivuno kidogo, chini ya mikaratusi, kwenye kichuguu. Akasema taratibu kwamba kwenye kilima hiki ule hawauli. Unaoliwa hutoka upande wa pili, karibu na migomba. Nilimweleza kwamba kwetu Karagwe tuliula. Hakubishana nami. Aliketi chini akaanza kuchambua ndoo, anatoa shina moja moja na kulitupa mbali, mpaka akahakikisha halikubaki hata moja. Hata mbuzi wake hakutaka aule.

Nilikimbia kwa jirani nikakuta kufuli mlangoni. Nikampigia simu, ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, na tena. Nikakumbuka kwamba Jumamosi mchana, umuganda ukiisha, yeye huenda Kabuga, ana kibanda chake cha kushonea sokoni.

Nikapanda pikipiki, mimi ninayeziogopa, nikamwambia dereva akimbize. Njiani hofu ziligawanyika mbili, na nitazisema zote kwa sababu nimeamua kusema. Ya kwanza ilikuwa yule mtoto. Ya pili ilikuwa jina langu. Mtoto akifa kwa bakuli lililotoka kwangu, nani atasema nilikosea? Watasema mlozi. Watasema alikuja kutoka Tanzania, nani anajua alikuja na nini. Neno hilo likimshika mtu kwenye kilima halimtoki, hurithiwa na wajukuu. Ilifika mahali, tunapanda kuelekea Kabuga, nikafikiri nimwambie dereva ageuze. Labda hawajala. Labda mukecuru amezeeka, anachanganya. Nikikaa kimya na lisitokee lolote, nimepona. Lakini sikumwambia ageuze.

Nilimkuta kwenye cherehani anamalizia gauni la harusi, kitambaa cheupe kimemjaa mapajani. Binti amelala chini ya meza juu ya vipande vya nguo. Nilimwita pembeni nikamuuliza kama wamekula ule uyoga. Akacheka. Wa kwake aliuacha wa jioni, lakini mtoto alilia apewe, akala, akaomba tena, akaongezwa. Nikamwambia kuna bibi amesema uyoga ule haufai, tumpeleke mtoto akaangaliwe.

Hakushtuka hata kidogo. Aliendelea kukata uzi.

"Dada, si wewe ulionja mbele yangu?" akasema. "Na wewe iko mzima."

Wanawake wa vibanda vya jirani walikuwa wanatusikia.

"Sikuonja," nikasema. "Nilikuwa nimefunga. Niligusisha midomo tu."

Mkasi ulimtoka mkononi. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka aliniona wapi. Mwanamke anayefunga Ramadhani yote tangu utotoni. Ningemwambia tu nimefunga, angeelewa kuliko mtu yeyote wa kanisa langu, angeniambia sawa, nitakusubiri tule pamoja jua likitua. Hilo ndilo lililokuwa usoni mwake, nililisoma lote. Lakini hatukupata nafasi ya kulisema, maana chini ya meza mtoto aliamka, akajikunja, akatapika juu ya gauni la harusi.

Kituo cha afya hakikuwa mbali. Yeye alimbeba mbele, mimi nilifuata nyuma na viatu vyake. Nesi, kijana mpole, aliuliza alikula nini, saa ngapi, kiasi gani, na kila swali jirani yangu alijibu, kisha akanitazama mimi. Mtoto alitapika tena mara mbili. Macho yalikuwa yamezama, na midomo ilikuwa mikavu. Wakamwekea dripu kwenye kile kimkono, na alipolia alilia akiita bibi, yaani mimi. Nilitamani ardhi ipasuke. Nesi akataka kuuona uyoga wenyewe, nikarudi Masaka kwa pikipiki nyingine nikauchukua na sufuria yake, mwiko ukiwa ndani.

Niliporudi jua lilikuwa limeinama kwenye vilima. Nesi alifunua, akanusa, akamwita mkubwa wake, naye akanusa. Wakasema kweli hawajui uyoga. Wanachojua ni kwamba mtoto aliyetapika mapema ana nafuu kuliko anayeanza kuumwa baadaye, na kwamba watamwangalia mpaka asubuhi, na akibadilika gari la wagonjwa litampeleka mjini. Wakatuachia sufuria.

Tulikaa kwenye benchi nje ya chumba, sufuria kati yetu. Hapo ndipo uoga wangu ulipoanza kuongea, na ukishaanza hauna breki. Nikamwambia asiogope. Nikamwambia huenda ni tumbo tu, watoto hutapika. Nikamwambia uyoga huu naujua, nimeula utoto wangu wote, kofia ni ile ile, harufu ni ile ile, mama yangu alitulisha watoto sita na wote tuko hai. Mukecuru ni mtu mzima, macho yamechoka. Nikarudia, naujua, naujua. Nilitaka aamini, kisha aamini kwa niaba yangu pia.

Alisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akafunua sufuria, akachota mwiko, akanisogezea taratibu, kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu wa heshima.

"Basi onja sasa."

Niliushika mwiko. Karanga zilikuwa zimeganda juu, chini yake vile vipande vyeupe. Nilisema moyoni, kula. Ulimpa mtoto wa mwenzio, kula na wewe. Mkono haukupanda. Niliona watoto wangu walio mbali, niliona mume wangu amerudi nyumba ina giza. Niliogopa kufa, basi, sina namna nyingine ya kulisema. Na ulimi wangu ukatafuta pa kujificha, ukapapata.

"Bado nimefunga," nikasema.

Hakukasirika. Aligeuza uso akatazama dirishani, kule upande wa mji, ambako vilima vilikuwa vimeshakuwa vyeusi.

"Jua limeshatua, dada."

Akauchukua mwiko mkononi mwangu, akaurudisha, akafunika sufuria, akaenda kukaa kitandani kwa mwanawe. Mimi nilibaki kwenye benchi. Sikula kitu siku ile, si uyoga wala kingine, na haikuwa tena mfungo.

Asubuhi mtoto aliamka anadai chai na chapati. Alikuwa amelegea, lakini alinikunjia ngumi tugonganishe, mchezo wetu wa kila siku, nikalia mbele ya manesi. Mpaka leo sijui kama ule uyoga ulikuwa na sumu kweli au lilikuwa tumbo la kawaida. Mabaki niliyafukia. Jirani yangu ananisalimia kama zamani, anaulizia afya ya mume wangu, mtoto bado ananiita bibi na kuvuka uzio anavyotaka.

Habari za mtoto kulazwa zilienea kilimani siku ile ile, kama habari zote. Nilijifungia ndani nikisubiri lile neno la mlozi lifike mlangoni kwangu. Halikufika. Baada ya wiki, kisimani, nikasikia wanawake wakisimuliana kwamba yule binti alikula kitu kibaya sokoni Kabuga, vyakula vya sokoni si vya kuamini. Nikauliza nani kawaambia. Wakasema mama yake mwenyewe.

Mimi nikainua dumu langu la maji, nikasema kweli, siku hizi sokoni hakuaminiki.