Mkanda wa Cherehani na Santuri Ishirini na Nne

Nianze na kosa langu, msije mkasoma mpaka mwisho mkiniona mtu mwema.

Kaka yangu alipopata kazi melini alituachia nyumbani, Kariakoo, pleya yake ya santuri: sanduku la kahawia lenye spika kwenye mfuniko. Hata mwezi haujaisha, mkanda wa ndani ukakatika. Miaka ile hata wembe tulikuwa tunaupangia foleni, seuze mkanda wa pleya. Nikajitwika sanduku mpaka Gerezani kwa fundi redio mmoja, mzee mpole aliyekuwa akifanya kazi katikati ya mafundi wa magari. Akalifungua, akalinusa, akatikisa kichwa. Baada ya saa nzima akaniita.

"Mwanangu, mkanda wa hii mashine haupo mji huu. Nimekufungia wa cherehani. Ni mnene kidogo, kwa hiyo utaikimbiza kidogo. Pita wiki ijayo, huenda nikapata wa saizi yake."

Nikasema ndiyo fundi, asante fundi. Sikupita wiki ijayo wala mwezi ujao. Na maneno yale, "utaikimbiza kidogo", nikayameza kama kidonge, sikumwambia mtu. Kwa nini? Kwa sababu nilipoiwasha nyumbani ilikuwa tamu! Kila wimbo ulikuwa umechangamka, miguu inakwenda yenyewe. Nani angerudi Gerezani kwenda kuipoza?

Sasa shoga yangu. Familia yao ilitoka Kilimanjaro, babake ana duka la jumla ng'ambo ya barabara yetu, na sisi wawili tulisoma dawati moja mpaka kidato cha nne. Tulipomaliza shule babake akamwita dukani, akamwambia mbele ya wateja: "Nakupa miezi miwili. Ukipata kazi hapa mjini, niletee barua niione. Ukikosa, unakwenda Moshi kwa shangazi yako ukasimamie duka lake." Akaja kwetu analia. Nami nikalia zaidi yake, maana yeye angepata shangazi, mimi ningepata nani?

Wiki ile ile tukasikia kwamba hoteli moja mjini, karibu na kivuko cha Magogoni, inatafuta mtu wa kuwapigia wageni santuri Jumamosi mchana, na kwamba meneja atawapima waombaji masikio na ujuzi wao wa santuri za nje. Shoga yangu akafuta machozi papo hapo.

"Mimi hiyo kazi naitaka," akasema. "Ila santuri za nje sizijui."

Siku ya tatu tu, mama akanituma pilipili manga dukani kwa babake. Wakati ule duka lile lilikuwa linafungia bidhaa kwa magazeti ya zamani ya Ulaya, yaliyonunuliwa kwa kilo. Nikafungua kile kifurushi jikoni, nikaona picha ya nusu uso, pua na miwani tu, na chini yake orodha ndefu. Nikamwita shoga yangu mbio. Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Akasoma, akaruka juu. Yule bwana wa pua alikuwa ameorodhesha santuri ishirini na nne zilizo bora kuliko zote duniani, kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho.

"Mungu ameniletea mtihani na majibu yake!" akasema. "Tunazisikiliza zote, moja moja, kabla ya siku ya usaili."

Tukambatiza yule bwana Mzee Pua, tukambandika ukutani kwa wali.

Lakini santuri zenyewe tutazipata wapi? Nani anazo? Hapo ndipo mama yangu alipoingia, bila mtu kumwalika. Ya kwanza kupatikana tuliiazima kwa mpishi wa melini, rafiki wa kaka. Tulipotaka kuirudisha, mama akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mnakwenda wapi na sahani ya watu tupu?"

"Mama, hii ni santuri."

"Si inaitwa sahani ya santuri? Umeazima sahani, unairudishaje tupu? Mnataka niaibike?"

Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, hilo halina mjadala. Mama akatuwekea vitumbua sita juu ya jalada la santuri, akavifunika kwa kawa. Mpishi alipoviona alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake asubuhi alikuja mwenyewe na santuri tatu nyingine.

Basi, we acha tu! Habari zikatembea Kariakoo nzima: nyumba fulani, ukiwaazima santuri, inarudi na vitumbua. Na sukari yenyewe ilikuwa ya kupimiwa! Watu ambao hatukuwajua wakaanza kupiga hodi na maboksi. Karani wa bandari akaleta namba kumi na saba na namba sita. Mama mmoja aliyekuwa yaya kwenye nyumba za Wazungu akaleta namba mbili, aliyopewa na tajiri wake alipokuwa anaondoka nchini. Mwingine akaleta santuri ya kujifunza Kijerumani. Mzee mmoja akaleta sauti za ndege wa Ulaya, pande mbili, ndege tu wanalia. Tukamwambia mzee, hii haimo kwenye orodha. Akasema, "Isikilizeni tu, mimi sina haraka," akakaa kwenye mkeka kungojea kitumbua.

"Sukari ya mwezi mzima imeishia kwa ndege!" mama akalalama. Lakini alimpa vinne.

Kila alasiri tulikaa ukumbini, mlango wazi, watoto wa nyumba nzima wamejaa. Shoga yangu alikuwa na daftari. Kila santuri aliipa maksi na maoni, na hayo maoni ndiyo yaliyoniua. Aliandika: "Hawa ni watu wenye haraka." Aliandika: "Wanaume wa kule wana sauti nyembamba, huenda ni kwa sababu ya vyakula vya makopo." Kufika santuri ya kumi alikuwa na falsafa kamili.

"Shoga, nimeelewa," akaniambia, macho yanamwaka. "Kule ni baridi. Mtu ukiimba polepole unaganda. Ndiyo maana wanakimbiza hivi."

Nami ninayejua habari za mkanda nikasema, "Kweli kabisa."

Mungu anisamehe! Nilitaka kumwambia. Kila siku nilitaka. Lakini alikuwa ameshaandika kurasa nane, na kila ukurasa ulipoongezeka ulimi wangu ulizidi kuwa mzito. Siku moja kidogo nikamatwe. Namba tisa kwenye orodha ilikuwa imeliwa na mafuta ya dukani, haisomeki, na mama akatoa amri kwamba hapo iwekwe santuri yake ya taarabu, kwani Mzee Pua angekuwa na akili angeiweka yeye mwenyewe. Tukaiweka. Bibi wa kwenye santuri akaanza kuimba. Mama akakunja uso.

"Mbona leo huyu bibi ana haraka?"

"Ni spika, mama," nikasema. "Spika za kwenye mfuniko ndivyo zilivyo."

Mama akasikiliza tena. Kisha bega moja likaanza kutikisika, na la pili. Ubeti wa tatu alikuwa katikati ya ukumbi, kanga amefunga kiunoni, anacheza taarabu kwa mwendo ambao hakuna aliyepata kuuona kwenye taarabu, wapangaji wote wanapiga vigelegele. Shoga yangu akampa bibi yule kumi juu ya kumi. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na ndani ya kicheko nikiwa na hofu.

Namba moja tuliipata siku mbili kabla ya usaili, kwa mwenye duka mmoja wa kitambaa, mwenzetu wa asili ya Uarabuni, aliyekuwa anaitumia kufunikia mtungi. Tuliisikiliza mara tano. Shoga yangu akafunga daftari, akalibusu.

"Nimemaliza. Zote ishirini na nne. Niulizeni sasa!"

Siku ya usaili nikamsindikiza. Alivaa sketi ndefu ya kitenge na viatu vya soli nene, raizoni, vya kuazima vilivyomzidi namba, tukatembea kutoka Kariakoo mpaka Magogoni huku anaimba namba nne tangu mwanzo mpaka mwisho. Waombaji walikuwa saba, sita wavulana wenye suruali za bugaluu, naye. Meneja alikuwa mzee mwenye suti ya Kaunda iliyopigwa pasi mpaka inakata. Akatuitikia shikamoo zetu, akaniruhusu kukaa karibu na mlango.

Akafungua mashine kubwa inayong'aa, akatoa santuri kwenye jalada. Shoga yangu akanigeukia, akanikonyeza. Namba nne! Ile ile!

Sindano ikashuka. Jamani. Ngoma zikaanza kuburuta miguu. Mwimbaji akaingia na sauti nzito ya mtu mzima aliyeshiba. Nikajua papo hapo kwamba huo ndio wimbo wenyewe, ndivyo ulivyozaliwa, nikatamani sakafu ipasuke.

Upande ulipoisha, meneja akauliza kila mmoja ameuonaje. Wa kwanza akasema ni mzuri sana. Wa pili akasema ni mzuri mno. Mpaka wa sita, mzuri tu. Shoga yangu akasimama.

"Mzee, samahani," akasema. "Mashine yako ni mgonjwa."

Vijana wakaangua kicheko. Meneja hakucheka. "Mgonjwa vipi?"

"Inakwenda polepole. Wimbo huu nimeusikiliza siku kumi. Ngoma inaanza hivi." Akapiga meza kwa viganja vyake, akaimba ubeti wa kwanza kwa mwendo wa ukumbini kwetu, sauti nyembamba, haraka haraka, raizoni zinagonga sakafu. Vijana wakawa wanafuta machozi.

Meneja akangoja amalize. Akachukua kipande cha karatasi, akakichomeka pembeni mwa santuri, akaiwasha, akavua saa yake ya mkono akampa. "Hesabu inapita mara ngapi kwa dakika moja."

Akahesabu. Midomo yake ilikuwa inatembea kimya. Akafika thelathini na tatu, dakika ikaisha.

"Soma kwenye jalada," meneja akasema.

Akasoma. Thelathini na tatu. Shoga yangu akanitazama, akatazama daftari lake.

"Santuri ngapi umesikiliza kwenye hiyo mashine yenu?"

"Ishirini na nne," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi hujasikia hata moja."

Nilidhani atalia. Nilikuwa nimeshaanza kulia mimi. Lakini shoga yangu akavuta pumzi, uso ukamfunguka polepole, akasema, "Mzee, kumbe bado ninazo zote za kusikia!" Na akacheka, kicheko cha mtu aliyeambiwa sikukuu imeahirishwa, haijapita.

Meneja akaivaa saa yake. "Hawa sita wameniambia ni nzuri sana," akasema. "Ningepiga kinyumenyume wangesema nzuri sana. Wewe umekosea, lakini umesikia. Keti niandike barua."

Tulitoka pale tunakimbia, raizoni mkononi, tunapiga kelele mpaka abiria wa kivuko wakageuka. Alikumbatia mlingoti wa taa. Alikumbatia muuza madafu. Kufika Mnazi Mmoja pumzi zimetuishia, akasema, "Sasa kesho nakwenda Gerezani kwa yule fundi. Atanijua mimi ni nani! Mtu unafunga mkanda mbovu hata husemi?"

Yule mzee mpole. Nikaona atakavyofokewa mbele ya wenzake kwa kosa lisilo lake.

"Alisema," nikamwambia.

"Alimwambia nani?"

"Mimi. Siku ile ile. Nilijua tangu mwanzo."

Akasimama. Furaha yote ikamtoka usoni. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Akavaa viatu vyake, akaanza kutembea, nami nyuma yake hatua tatu, tukapita mabaa, tukapita machinjio ya kuku, tukaingia Kariakoo. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu siku ile haikuwa na mwisho. Nilijua kwamba sasa atabaki mjini, ng'ambo ya barabara, na mimi nitakuwa simwoni.

Mlangoni kwa babake akageuka.

"Ungeniambia siku ile," akasema, "leo ningefanya kama wale wavulana. Ningesema ni mzuri sana."

Nikatazama raizoni zake.

"Ningekwenda Moshi." Kisha akanipiga kofi la mgongo lililonitoa kikohozi. "Hilo ni la kurasa nane za daftari langu! Baridi, eti! Wanaganda! Na wewe umekaa unaitikia kweli kabisa!" Akaanza kucheka, akashindwa kusimama, akanishikilia bega, tukacheka wote wawili pale kwenye ngazi ya duka mpaka wachukuzi wa mizigo wakaanza kucheka nao bila kujua sababu.

Babake akatoka kuona kuna nini. Akapokea barua, akavaa miwani, akaisoma mara mbili. Akaikunja.

"Nimeshamwandikia shangazi yako kwamba unakwenda," akasema. "Sasa nitamwambia nini?"

"Mwambie ukweli tu, baba," shoga yangu akajibu, huku ananitazama mimi.