Nilimsimamisha Mchumba wa Dada Kwenye Gwaride la Utambuzi

Nimekosa, jamani, na shetani simsingizii. Kichwa ni changu, na ndicho kilichonipeleka huko.

Ilikuwa mwaka 2013, hapa Doha. Dada yangu, nimwite Zuhura, anafanya kazi hoteli moja ya mtaa wa Al Sadd. Aliposwa na dereva wa huku huku, mtu wa Tanga, nimwite Salimu. Baba yetu ni marehemu na ndugu wa kiume huku nilikuwa mimi tu, kwa hiyo mama alinipigia simu: nimuulizie huyo mtu, kisha nimpe jibu kama posa ipokelewe au irudishwe.

Mwingine angeuliza kama anaswali na kama si mtu wa ngumi. Mimi nina digrii ya historia, na tasnifu yangu ilihusu polisi wa London enzi za Malkia Victoria. Tena Salimu alikuwa amefiwa na mke. Nilipomuuliza Zuhura marehemu aliugua nini, alisema mwenzake hapendi kulizungumzia.

Hapendi! Chakula kilinishinda. Nikajua nina mtuhumiwa wa mauaji.

Wale polisi hawakuwa na alama za vidole. Walikwenda kwa aliyempangisha mtuhumiwa chumba, kwa mwajiri wake, na kwenye baa yake, wakalinganisha maneno. Nami nikaenda mtaa wa Najma, Salimu alikopanga. Nikawauliza wenzake wa chumbani kama huota akipiga kelele. Nikamuuliza kinyozi wake kama hushtuka akiona wembe. Wote walimsifu. Nikaona wamepangwa.

Ikabaki kuthibitisha kama kweli ndiye Salimu wa Tanga anayejidai kuwa. Polisi walimchanganya mtuhumiwa na watu wanaofanana naye, shahidi akamchagua. Basi Ijumaa moja, baada ya chakula kwa Zuhura, nikawaomba wanaume wasimame ukutani eti tupige picha. Walikuwa wachache, nikajipanga na mimi. Shahidi alikuwa Mama Rukia, mpishi aliyekulia mtaa ambao Salimu alidai ni kwao. Nilimnong'oneza amtafute kijana wa mtaani kwao.

Akatukagua mmoja mmoja, akasimama mbele yangu.

"Wa kwetu sijamwona, nilihama hawa wakiwa watoto. Ila huyu anayetoka jasho ana jambo."

Watu walicheka mpaka Zuhura akaniuliza ninafanya nini. Nikababaika, kisha ukweli ukanitoka: nataka kujua Salimu alikuwa wapi siku mkewe anakufa.

Kicheko kikakatika. Salimu akaniangalia bila hasira.

"Nilikuwa hapa hapa Doha, shemeji. Alifariki akijifungua. Kafili wangu, mwajiri aliyenidhamini, alininyima kibali cha kutoka nchini. Mke wangu akazikwa, mimi sipo."

Nilikuwa nimemlazimisha mtu athibitishe kwamba hakuwapo pale alipotamani kuwapo kuliko popote duniani. Nikatafuta viatu vyangu nikavaa vya mtu mwingine.

Salimu alinisamehe siku ile ile. Dada yangu, thubutu! Walioana, na kwenye ndoa aliyesimama kwa niaba ya familia yetu alikuwa mwalimu wa madrasa, si mimi.

Wewe uliyetumwa kumuulizia mchumba wa ndugu yako, kaa naye mle chakula, umwulize mwenyewe kwa adabu. Achana na kinyozi! Usipowaza hayo, waza haya yangu: hadi leo nikialikwa kwao na chumvi ikapungua, namwomba Salimu, Salimu anamwomba mkewe, na dada yangu, aliyekaa ubavuni mwangu, anampa Salimu anipe.